Nta Uliyoiacha kwenye Ubao

Haitham, mdogo wangu,

Nyumba yetu siku hizi ina baridi. Naanza na hilo kwa sababu ungeingia leo ungelihisi kabla hujavua viatu. Miaka yote ulipokuwa nasi kiyoyozi hakikushushwa chini ya ishirini na sita, na wageni waliokuja kwetu Amerat walikuwa wakijifuta jasho kwa heshima, wasiseme kitu. Damu yako haikutaka baridi. Tulilizoea joto lile mpaka tukaona nyumba za wenzetu ndizo zenye kasoro. Baada ya kukuzika hakuna aliyegusa rimoti. Kiangazi kizima Baba, Mama na mimi tulikaa tukitota jasho, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Halafu adhuhuri moja Baba alirudi kutoka msikitini, akaichukua rimoti bila kumtazama mtu, akashusha mpaka ishirini. Tukakaa pale sebuleni, upepo unatupiga. Ulikuwa mtamu, Haitham. Mama akanyanyuka akaenda jikoni, ambako hakukuwa na kazi yoyote, na nikajua kwa nini, maana mimi mwenyewe nilikuwa natafuta mahali pa kujificha.

Sikuulizi u hali gani. Nakutakia hapo ulipo pawe pana na pawe na nuru. Nimekaa kukuandikia kwa sababu ya ubao wako. Ni wako, na nimeugusa bila ruhusa, na nataka ulisikie kwangu.

Nilikuwa nawe siku ulipoununua. Nilikupeleka Hamriya kutafuta meza ya chumba chako, tukaingia kwenye duka moja la mitumba lililojaa masanduku ya safari na vitanda vya watoto, vile vitu ambavyo wageni huviacha wanaporudi kwao. Ukauona umeegemezwa ukutani nyuma ya friji. Mwenye duka aliufuta vumbi kwa kiganja akasema, "Meza ya pasi nzuri sana, rafiki. Miguu tu haina." Ulicheka mpaka ukashika mlango wa friji. Mimi sikujua ni kitu gani. Njia nzima ulinieleza, ubao umelala baina yetu ndani ya gari, ncha yake inagusa kioo cha mbele: watu husimama juu yake, miguu imefungwa, wakateremka mlima wa theluji kama maji. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na hukuwahi kuiona theluji. Bwawa la maji baridi kwenye shamba tulilokodi Barka kwa harusi ya binamu yetu lilikulaza hospitali wiki nzima, unauma mto kwa maumivu ya mifupa.

Mama alipoona unaingia nao alisema, "Theluji? Wewe, mwanangu?"

Ukamjibu, "Nikishapata uboho, Mama."

Ulikuwa ushaambiwa. Sikoseli ulizaliwa nayo, na njia ya kuing'oa ilikuwa kuubadilisha uboho wa mifupa yako kwa uboho wa mtu anayelingana nawe. Walitupima sote, nikaonekana mimi. Daktari alisema tumelingana kama mapacha, ila mmoja alikuwa na haraka akatangulia miaka sita. Mama alipiga vigelegele mle mle hospitali, watu wakageuka kutafuta bibi harusi.

Ilibidi tungoje zamu, na katika kungoja huko ndipo ulipojifunza kuutengeneza ubao. Uliagiza vifaa kwenye mtandao, ukaulaza ubao kifudifudi juu ya viti viwili, magazeti sakafuni, ukawa fundi. Mimi nilikuwa nakaa kitandani kwako nikirudi kazini Khuwair, bado nimevaa abaya, kiatu kimoja nimekivua. Ulikuwa ukizungumza wakati wote. "Da Rahma, tazama. Tumbo la ubao likikauka linapauka kama magoti ya mtoto aliyecheza mchangani. Linataka kulishwa." Ulikuwa ukiigusisha ile nta ya zambarau kwenye pasi yako mbovu, inatona matone kutoka kichwani mpaka mkiani, kisha unaipitisha pasi polepole na nta inayeyuka nyuma yake, inang'aa kama njia ya konokono. Halafu unangoja. Halafu unaparuza yote. Nilikuuliza mbona unaitia kisha unaitoa, ukacheka: "Inayoonekana ndo ya kutoa. Inayofanya kazi imeshaingia ndani."

Alasiri ya siku ya mwisho kabla hujalazwa ulipaka nta nene kuliko siku zote, na hukuiparuza. Ukasema nta ikiachwa nene inaulinda ubao unapolala muda mrefu. "Hii tutaiparuza siku ya safari." Ukautia kwenye mfuko wake, ukausimamisha nyuma ya kabati.

Tutaiparuza. Ulisema sisi.

Habari za hospitali unazijua wewe kuliko mimi, lakini kuna upande ambao hukuuona. Mimi walinilaza, wakanitoboa nyonga kwa sindano, nikaamka naumwa kama niliyeanguka kwenye ngazi, na nikafurahi. Niliyafurahia maumivu yale. Nikasema kumbe siku moja na mimi nimepata sehemu yangu. Na ikawa kweli. Uboho ulishika. Walipokupima waliikuta damu yako haina tena sikoseli. Ilikuwa damu yangu inakwenda kwenye mishipa yako. Unakumbuka ulivyoanza kudai pilipili? "Tangu unipe damu yako, Da Rahma, chakula cha Mama nakiona hakina ladha." Mama akajifanya amekasirika, akatoka nje kulia kwa furaha.

Kisha vikaja vipele kwenye viganja. Kisha tumbo. Kisha macho yakawa manjano. Yule daktari wetu, mwanamke mpole, alituita ukumbini akatueleza kwa Kiarabu, taratibu, kwamba chembe za mtoaji zimeuona mwili wako kuwa mgeni, na zinaupiga vita. Alisema "mtoaji" kana kwamba mtoaji hakuwa amesimama pale pale mbele yake amebeba chupa ya maji ya Zamzam. Akaongeza kwamba inatokea, si kosa la mtu, na dawa zipo. Mama alikuwa ameangalia sakafu. Nilimtazama, nikamngoja ainue macho anitazame, hakuinua.

Na wewe, ulipoambiwa, ulinifanyia mzaha. "Chembe zako kali kama mwenyewe. Zinanigombeza." Nilicheka na wewe. Nikaenda chooni nikafungua mabomba yote.

Ulikufa umepona ule ugonjwa uliozaliwa nao. Wiki nzima ya matanga watu walinishika mikono wakisema, "Wewe ulimpa uhai, dada wa namna yako hakuna." Nilikuwa nataka kuwaambia wanyamaze. Chembe zangu ndizo zilizokumaliza. Mimi nakula, nalala, natembea, na damu niliyokupa bado inazunguka mwilini mwangu, haijanidhuru hata kidogo, haijaniletea hata mafua. Hilo ndilo nililokuwa nalibeba, na sikumwambia mtu.

Nguo zako Mama alizitoa sadaka, na pasi yako mbovu ikaenda nazo. Ubao hakuna aliyeutaja. Mama alikuwa akiingia chumbani kwako kusoma Kurani, akiwasha kiyoyozi ili kuta zisishike ukungu, na baada ya muda kiyoyozi kikaanza kuvuja. Maji yalikuwa yanateremka ukutani nyuma ya kabati, hakuna aliyeyaona mpaka zulia lilipolowa. Nilisogeza kabati nikaukuta mfuko umejaa maji. Nikaufungua. Zile kingo za chuma zinazouzunguka ubao zilikuwa nyekundu kwa kutu, na kutu ilikuwa imechuruzika juu ya nta yako kama chai iliyomwagika. Nilifikiri: hata hiki. Hata hiki nimekiachia kioze.

Nikautoa kimya kimya nikaupeleka stoo ya nje, kando ya tangi la maji. Nilianza kuangalia video ofisini wakati wa mapumziko, na jioni nikirudi naingia stoo na mlango naufunga. Mama nilimwambia napanga vitu. Nilijifunza kufungua skurubu za vile vishikio vya miguu, na moja niliiharibu kichwa. Nilijifunza kwamba tupa ya kunolea kingo huvutwa upande mmoja tu, kwa urefu, kwa pumzi moja, na ukiisukuma nyuma na mbele kama msumeno unautia ukingo meno. Niliutia meno. Nikayasugua kwa msasa. Nikajikata kidole gumba, damu ikadondoka juu ya ukingo, nikabaki nimeitazama. Unaweza kujua nilichokuwa nikikifikiria.

Kazi niliyoikimbia ilikuwa nta yako. Ubao haupakwi mpya juu ya iliyochafuka. Lazima yote itoke. Karibu na mkia ulikuwa umeacha alama ya kidole, pale ulipogusa kuona kama imeganda. Nikaparuza kila mahali, nikapazunguka pale. Siku kadhaa ubao ulikaa hivyo, tumbo zima liko wazi isipokuwa duara moja la zambarau lenye kidole chako. Nikirudi jioni naliangalia, nafunga mlango, naondoka. Lakini pembeni ya duara lile kutu ilikuwa imeingia chini ya nta, na ikaanza kutambaa. Siku ya Jumatano nikakishika kile kipande cha plastiki cha kuparuzia, nikafumba macho, nikavuta. Likatoka mara moja, jepesi kama ganda la kitunguu. Nilikaa chini sakafuni. Niliona nimekuua tena, na safari hii kwa mikono yangu kabisa, hakuna daktari wa kusema inatokea.

Maganda yale yamo kwenye kopo la maziwa ya unga. Sijui la kuyafanya.

Baada ya hapo nikachukua kipande cha nta kilichobaki kwenye vifaa vyako, na pasi ya Mama. Najua. Ulikuwa ukisema pasi ikifuka moshi imepita kiasi, na mimi ilifuka, nikaona plastiki ya tumbo inang'aa na kuvimba kama ngozi iliyoungua, pahala pakubwa kama kiganja. Nikapunguza moto, nikajaribu tena, nta ikayeyuka vizuri, nikangoja igande. Haikuganda. Stoo ile ina joto la tanuri, nta ilikaa laini kama samli. Ikabidi Mama alipokwenda kwa jirani niubebe ubao kwa kukimbia mpaka chumbani kwako, niulaze kitandani kwako, nishushe kiyoyozi mpaka mwisho. Nilikigandisha chumba chako, Haitham. Nilisimama pale nikitetemeka, meno yanagongana, nikakuomba radhi kwa sauti.

Pasi niliifuta, nikairudisha. Nilidhani nimeifuta.

Ijumaa Baba alirudi kutoka msikitini, akavua kanzu akaitundika, akaenda kulala. Muda si mrefu mlango wa stoo ukafunguliwa bila hodi. Mama alisimama pale ameishika ile kanzu mikononi, nyeupe yote, na mgongoni bonge la alama ya zambarau. Akaniona mimi, akauona ubao kwenye viti viwili, akanusa hewa. Harufu ile anaijua. Ilikuwa harufu ya nyumba yetu mwaka mzima.

Nilitaka kusema nimeuharibu, yaani ubao, nimeuchoma, nisamehe. Nikafungua mdomo, likatoka jingine.

"Nimemuua, Mama."

Hakuuliza nani. Aliikunja kanzu taratibu, kama anayekunja nguo ya kuweka kabatini, akaketi juu ya gunia la mchele, akasema, "Hebu rudia."

Nikarudia. Nikamwambia yote, chembe, viganja, na vile siku ile ukumbini alivyokataa kunitazama. Nilikuwa nasema kwa pupa kama mtoto. Yeye ananiangalia tu. Nilipomaliza akasema, "Sikukutazama kwa sababu nlikuwa nnaona haya."

"Haya ya nini?"

"Rahma, ule ugonjwa aliutoa wapi? Aliokota njiani?"

Nikakiweka chini kile kipande cha plastiki.

"Nusu yangu, nusu ya baba yako. Sisi wazima, hatuumwi kitu, hatujui kama tunao. Tumeoana kwa furaha, ukazaliwa wewe salama. Akaja yeye. Alikuwa na miezi minane vidole vimemvimba, daktari akatuchorea kwenye karatasi, huyu kachukua kwa mama na kwa baba. Tangu siku ile mimi kila akilia usiku nnasema, haya ni mimi nimempa. Wewe ulimpa cha kumponya, kikaenda vibaya. Mimi nlimpa cha kumuumiza. Sasa kama wewe ni muuaji, mimi nijiite nani? Niambie, maana nimeutafuta jina miaka yote sijalipata."

Hata alikosea kusema, "nimeutafuta jina", na Mama hakosei Kiswahili.

Nimeishi na Mama maisha yangu yote na sikujua. Nilimwona anakukanda miguu, anakuwashia maji ya moto, anagombana na walimu waliokutoa nje kwenye ubaridi wa Januari, nikadhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi. Na hili nalo lilikuwa limekaa ndani yake, na wewe hukulijua pia, au labda ulilijua. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya lile gunia nikakiweka kichwa changu mapajani pake. Tangu ulipoondoka nilikuwa simwachi anishike. Akanishika.

Baadaye akasimama, akaviendea vile viti, akalipitishia kidole tumbo la ubao pale nilipochoma. "Pasi ilikuwa kali mno," akasema. "Hata kanzu ya pamba huipigi hivi." Akaingia ndani akaileta pasi, akaijaribu moto kwa tone la mate kama anavyofanya siku zote, akaniambia nishike nta. Mimi nikitonesha, yeye akipitisha, kwa mwendo mmoja, hasimami. Mama yetu, Haitham, na kanga yake kichwani, analisha ubao wa theluji. Akaniuliza kwa nini tunaitia kisha tunaitoa. Nikamjibu kwa maneno yako.

Baba alipoamka Mama alimwonyesha kanzu, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Baba akasema, "Niliiona kabla sijatoka. Nikaijua ni nini. Nikasali nayo." Jioni alituambia tutafute vitambulisho vyetu, wiki ijayo tunakwenda Dubai.

Kule kuna jumba lenye mlima wa theluji ndani yake. Ndiko ulikopanga kuanzia. Baba aliendesha njia nzima, redio imezimwa, ubao nyuma umefunikwa shuka. Niliogopa mpaka mpakani, na baada ya mpaka nikaogopa zaidi. Niliogopa kwamba nitaanguka, na niliogopa zaidi kwamba nitapenda.

Mwalimu niliyepewa alikuwa kijana Mkenya, anaitwa Kevo, mchangamfu. Aliuchukua ubao akapitisha ukucha kwenye ukingo, akasema, "Ai, dada, hii bodi umeinoa wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Umejaribu. Lakini huku mbele umenoa sana, itashika theluji ikutupe. Ngoja." Akatoa jiwe dogo mfukoni, akausugua ukingo karibu na ncha, juu na chini, mpaka ukawa butu. Akaniuliza kama ni wangu. Nilisema ni wa ndugu yangu. Akauliza mbona hakuja, nikaanza kuhangaika na vile vishikio, na nadhani alielewa, kwa sababu aliinama akanifunga miguu mwenyewe, hakuniuliza tena.

Baridi ilinipiga usoni. Niliivuta ndani mpaka chini ya mapafu, nikangoja iniumize. Haikuniuma. Ilikuwa safi na ina harufu kama ya friji jipya. Kule juu nyuma ya kioo niliwaona Mama na Baba wamesimama, wamevaa makoti ya buluu ya kukodi, Mama mikono yake yote miwili ipo kwenye kioo. Kevo akanishika mikono akarudi kinyumenyume, nikateleza mbele yake hatua chache, nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka. Mara ya tatu au ya nne aliniachia, na ubao ukaenda. Sijui nikueleze vipi. Hakuna sauti. Nta ilifanya kazi. Chini yangu hapakuwa na kitu kinachoshika, nilikwenda kama niliyesahauliwa na ardhi. Kisha nikapoteza mizani nikaanguka kwa nyonga, pale pale waliponitoboa, kwa kishindo, theluji ikaingia shingoni.

Na nikacheka. Nililala chali nikacheka kwa sauti, watoto wakanizunguka kunitazama.

Halafu ikaja. Ilikuja upesi sana, kicheko hakijamaliza kutoka. Hii ilikuwa theluji yako. Ulikuwa umeingoja katika nyumba ya joto maisha yako yote, na mimi nimelala juu yake na damu nzima, nacheka. Nililia pale chini, na Kevo akadhani nimevunjika. Sitakudanganya kwamba ile safari imenisafisha. Nilirudi na michubuko na aibu, na vilevile nilirudi nikitaka kwenda tena, na hayo mawili yamekaa pamoja hayasemezani.

Mama alinipokea mlangoni na taulo. Aliniambia, "Nimekuona ukicheka," nikaanza kuomba radhi, akanifunika kichwa chote na taulo, akanisugua nywele kwa nguvu kama nilipokuwa mdogo. "Mimi nimecheka pia," akasema. "Nyuma ya kioo hukusikia."

Jana nimeutengeneza tena ubao, peke yangu, uani, alfajiri kabla jua halijapanda. Kutu imetoka yote. Pale nilipochoma patabaki.

Na kuna jambo moja la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jana baada ya kazi ile nilikaa nikakuombea, kama ninavyofanya kila siku. Mola msamehe Haitham, mrehemu Haitham. Nikasikia kwamba chini ya kila neno kulikuwa na jingine: nisamehe mimi, nitoe mimi. Nikarudi nyuma nikakumbuka dua zangu zote tangu siku ya maziko, na kila moja ilikuwa hivyo. Nilikuwa nalitaja jina lako na mkono nimeunyoosha kujiombea mwenyewe. Watu huwatumia maiti wao dua kama chakula. Mimi nilikuwa nakula zako njiani kabla hazijakufikia.

Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kujilaumu. Hilo bado siliwezi, na nisingependa kukudanganya ukiwa huwezi kunibishia. Nakuahidi hili ninaloliweza. Yangu nitayaomba kwa wakati wake, mbali. Ya kwako yatakuja kwako mazima.

Kwaheri, mdogo wangu. Kwa leo nimeshazungumza habari zangu vya kutosha.

Ya Rabbi, mpe Haitham. Mpe yeye.

Dada yako,
Rahma